Kampuni ya Jotoardhi Hununua Nini?

Mabibi na mabwana, asanteni. Dakika nilizopewa ni chache, kwa hiyo historia nitaikimbiza. Mwaka 1904 huko Larderello, Italia, Piero Ginori Conti aliwasha taa tano kwa nguvu ya mvuke wa ardhini. Wairakei ya New Zealand ikaanza kuzalisha umeme 1958, The Geysers ya Marekani 1960, Olkaria ya Kenya 1981. Historia imekwisha.

Tuje kwenye biashara. Mwenye mtambo wa makaa ya mawe hununua mafuta yake, yaani makaa yenyewe, kidogo kidogo, kadiri anavyouza umeme. Wa jotoardhi, anayetumia mvuke wa ardhini, watu husema hanunui mafuta kabisa. Hanunui? Ananunua, tena yote kwa mkupuo, kabla hajauza hata uniti moja, na anayanunua bila kuyaona! Mafuta yake ni mvuke, na mvuke hununuliwa kwa kuchimba: kisima kimoja huteremka kilomita mbili au tatu na kumeza mamilioni ya dola. Wanajiolojia watakuchorea ramani, watapima gesi zinazofuka kwenye matundu ya mvuke, lakini mwenye jibu ni mtambo wa kuchoronga. Na joto peke yake si mali. Unaweza kuufikia mwamba wa nyuzi 300 ukaukuta mkavu, hauna nyufa za kupitisha maji. Hapo umechimba shimo tu.

Ndiyo maana benki husubiri mpaka mvuke uonekane. Siwalaumu, zingekuwa pesa zangu ningesubiri zaidi yao. Kenya ilipounda GDC, shirika lake la kuendeleza jotoardhi, mwaka 2008, nia ilikuwa hiyo: serikali ibebe hatari ya kuchoronga, kisha mwenye mitambo auziwe mvuke uliokwisha kupatikana.

Ukishapatikana, mvuke hauulizi kama mvua imenyesha au jua limechwa. Mtambo huzunguka usiku na mchana, na mnunuzi yuko tayari kusaini mkataba wa miaka mingi.

Ila mvuke nao una tabia ya kisima cha kijiji. Pale The Geysers, miaka ya 1980, kampuni kadhaa zilichota kwenye hifadhi moja ya mvuke chini ya ardhi, kila moja ikiongeza mitambo yake. Uzalishaji ulifika kileleni 1987, kisha shinikizo likaporomoka. Joto lilikuwepo tele. Kilichopungua ni maji, kwa sababu yaliyotoka kama mvuke mengi yalipotelea hewani. Dawa ikawa kuirudishia ardhi maji, na maji yenyewe ni maji taka yaliyosafishwa. Bomba la kwanza lilianza kazi 1997, na la pili, kutoka mji wa Santa Rosa, likafuata 2003. Kwa hiyo mkazi wa Santa Rosa akivuta maji chooni asubuhi, anaipelekea kampuni ya umeme malighafi. Na baadaye analetewa bili.

Mnacheka, lakini ndivyo ilivyo. Naona mkono kule nyuma; karibu, uliza.