Hewa ukaa ya ardhi tangu 1850: hesabu inavyofanywa

Mwaka 1850 hapakuwa na mtu aliyepima hewa ukaa inayotoka msitu unapofyekwa. Tunachofanya ni kufungua daftari, mbinu iliyoasisiwa na mwanasayansi Richard Houghton na wenzake mwaka 1983: hekta ngapi zilibadilishwa kila mwaka, na kila moja ilikuwa na kaboni kiasi gani.

Tuchukue hekta moja, kwa namba za mfano. Miti na mizizi ina tani 150 za kaboni, udongo tani 100 hadi kina cha mita 1. Ikifyekwa ili ilimwe, tani 60 zinaungua mwaka huohuo. Tani 75 ni visiki, mizizi na matawi yanayooza polepole. Tani 15 zinaondoka kama mbao, nazo hugawanywa kwenye mafungu ya mwaka 1, miaka 10 na miaka 100, kulingana na udumu wa bidhaa. Udongo ukipoteza robo, ni tani 25 nyingine, nyingi katika miaka ya mwanzo ya kulima. Ondoa tani 5 za mazao yaliyopo shambani, inabaki 170. Kugeuza kaboni kuwa hewa ukaa, zidisha kwa 44, gawanya kwa 12: takriban tani 623 za hewa ukaa. Jamani, andikeni kipimo kila safu! Kuna wanaozidisha mara mbili.

Kwa kuwa visiki huoza kwa miaka mingi, daftari linaloanza 1850 likiwa tupu hupunja miaka yake ya mwanzo. Anzeni nyuma zaidi, hata 1700.

Takwimu za mashamba za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zinaanza 1961. Kabla ya hapo tunategemea makadirio kama ya HYDE, hifadhidata ya matumizi ya ardhi ya zamani, yanayotumia idadi ya watu na eneo la kilimo kwa kila mtu.

Kosa kubwa zaidi ni kutumia tofauti ya jumla ya eneo, yaani lililoongezeka ukitoa lililopungua. Penye kilimo cha kuhamahama, msitu wa hekta 1,000 unaweza kubaki 1,000 huku hekta 50 zikifyekwa na 50 zikiachwa zichipue. Daftari litasoma sifuri. Lakini moto hutoa kaboni kwa siku moja, na machipukizi huirudisha kwa miongo.

Tena, msibadilishe kaboni ya kila hekta kwa sababu miti ya leo inakua kwenye hewa ukaa nyingi zaidi. Ongezeko hilo huhesabiwa upande wa ufyonzaji wa asili, yaani kaboni ambayo mimea na udongo huvuta wenyewe. Mkiliingiza na hapa, mmelihesabu mara mbili.

Makadirio ya dunia kwa 1850 hadi 2022 ni takriban tani bilioni 220 za kaboni, juu au chini kwa 65.