Siku 23 kwenda, miezi mitatu kurudi

Assalaam aleikum, na habari za jioni nyote. Mada niliyopewa ni "Uvumbuzi wa njia ya India". Nitaizungumza, ila mtanivumilia nikianza na swali la kibaharia: upepo ulikuwa unatoka wapi?

Vasco da Gama, nahodha Mreno, aling'oa nanga Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na merikebu nne. Machi 1498 yuko kisiwa cha Msumbiji, na hapo mmoja wa watu wake, ambaye shajara yake tunayo mpaka leo, akaandika jambo lililomshangaza. Vyombo vya wenyeji, anasema, ni vikubwa lakini havina msumari. Mbao zimeshonwa kwa kamba na matanga yamesukwa kwa miaa. Waliokulia Lamu na Pate wanajua anazungumzia nini. Kisha anaongeza kwamba manahodha wa vyombo hivyo wana dira, wana vipimio vya nyota na wana ramani za bahari. Yaani mgeni amezunguka Afrika yote, kaja kukuta watu wanafanya kazi ileile aliyodhani ni yake.

Mombasa alifika tarehe 7 Aprili. Mfalme alimpelekea kondoo, machungwa na miwa, lakini pande zote mbili hazikuaminiana. Usiku mmoja watu waliogelea kimyakimya hadi kwenye merikebu iitwayo Berrio wakaanza kukata amari ya nanga. Walinzi wa zamu waliwasikia majini wakadhani ni jodari! Mimi kisa hiki hunichekesha kila nikisomapo, maana mtu wa pwani hawezi kuchanganya kishindo cha jodari na cha mpiga mbizi.

Kutoka hapo akaenda Malindi. Malindi na Mombasa zilikuwa hazipikiki chungu kimoja, na mfalme wa Malindi aliona faida ya kuwa na rafiki mwenye mizinga. Huwa tunaambiwa kwamba alimpa da Gama rubani wa kumwongoza hadi India kwa ukarimu. Shajara inasema vingine. Siku mbili zilipita bila mtu kutoka mjini kufika merikebuni. Tarehe 22 Aprili alipokuja mtumishi wa karibu wa mfalme, da Gama akamkamata, akatuma salamu kwamba anataka rubani aliyeahidiwa. Rubani akaletwa, mtumishi akaachiwa.

Rubani mwenyewe ni nani? Wengi wenu mtasema Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Julfar, bandari ya Uarabuni. Habari hiyo chanzo chake ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka aliyeandika miongo mingi baadaye, akadai kwamba Ibn Majid alileweshwa ndipo akatoa siri. Mimi siiamini. Siri gani? Siku ile Malindi vilikuwapo vyombo vinne vya Wahindi vimetia nanga, na njia ile ilijulikana na kila mfanyabiashara wa Gujarat, magharibi ya India. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani huyo kuwa mtu wa Gujarat, Mwislamu. Shajara inamwita Mkristo, lakini Wareno wa safari ile walikuwa wakiwaita Wakristo hata Wahindu.

João de Barros, mwanahistoria Mreno, anasimulia kwamba rubani alimkunjulia da Gama ramani ya pwani yote ya India. Da Gama naye akamwonyesha kipimio chake kikubwa cha mbao cha kupimia kimo cha jua, akitarajia kuona mtu ameduwaa. Rubani hakushtuka hata kidogo. Akaeleza kwamba marubani wa Bahari ya Shamu wana vyao vya shaba, na kwamba yeye na wenzake hutumia vibao vitatu kupimia nyota.

Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi, upepo unaosukuma vyombo kutoka kwetu kwenda India, ikiwa ndiyo kwanza inaingia. Siku 23 hawakuona nchi kavu, na tarehe 18 Mei milima ya Malabar, pwani ya kusini magharibi ya India, ikatokeza.

Sasa tazameni safari ya kurudi. Bahari ileile, nahodha yuleyule. Da Gama aliondoka visiwa vya Anjediva, pwani ya India, tarehe 5 Oktoba, kusi imelegea na kaskazi, upepo wa kurudia Afrika, haijashika. Mfanyabiashara yeyote wa Calicut, bandari ya Malabar, angemwambia asubiri. Kuuliza si ujinga, lakini alikuwa amekwisha gombana nao. Walikaa baharini miezi mitatu kasoro siku tatu, mara shwari, mara upepo wa mbele. Kiseyeye kikawaingia: ufizi ulivimba ukafunika meno hata mtu asiweze kula, miguu ikajaa maji. Walikufa watu 30. Walipoiona nchi kavu, karibu na Mogadishu, tarehe 2 Januari 1499, kila merikebu ilikuwa na watu saba au wanane tu wa kuifanyia kazi. Karibu na Tanga wakaichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa kukosa mabaharia.

Simnyimi haki yake. Kuiunganisha Atlantiki na bahari yetu ilikuwa kazi nzito, na hakuna aliyemtangulia kufika India kwa merikebu kutoka Ulaya. Ila kipande cha Malindi hadi India alivushwa.

Na Wareno walijifunza upesi. Msafara uliofuata, wa nahodha Cabral, uliondoka Lisbon tarehe 9 Machi 1500, ukapitia Malindi kuchukua marubani, ukavuka mwezi wa Agosti. Tangu hapo merikebu zao za India zikawa kwa kawaida zinaondoka kati ya Februari na Aprili, ili ziiwahi kusi upande huu wa Afrika. Nakaribisha maswali.