Mita 192 za Stade

MADO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Lubumbashi na popote mlipo. Mimi ni Mado, niko na yaya Ilunga, mkubwa wangu. Yaya, wiki iliyopita ulinituma nikapime mita 192.

ILUNGA: Na ulipima?

MADO: Kwa hatua, mtaani kwetu. Lakini waambie kwanza kwa nini 192.

ILUNGA: Sisi tukisema "twende ku stade", akili inakimbilia saruji, lango, mtu wa tiketi. Neno tumelipata kwa Wafaransa, wao kwa Kilatini, Kilatini kwa Wagiriki: stadion. Na kwa Wagiriki stadion kilikuwa kipimo, futi 600. Sasa kila mji ulikuwa na futi yake. Stadion ya Delphi haifiki mita 180. Ya Olympia ni mita 192 na kidogo.

MADO: Yaani kama tungeuita uwanja "kilometa".

ILUNGA: Ndivyo hasa! Mbio za urefu huo nazo zikaitwa stadion, halafu na mahali penyewe. Mshindi wa kwanza aliyeandikwa wa michezo ya Olympia ni Koroibos, mwaka 776 kabla ya Kristo, na inasimuliwa kwamba alikuwa mpishi. Watazamaji walikaa kwenye mteremko wa majani. Viti vya mawe vilikuwa vya waamuzi. Hata Emau katika Luka 24: Kigiriki kinasema stadia 60 kutoka Yerusalemu. Waliotafsiri kwa Kiswahili wakaandika mwendo wa saa mbili.

MADO: Wametafsiri kwa miguu! Hapo wamenifurahisha. Sasa angalia neno letu. Uwanja wa ndege, uwanja wa vita, uwanja mbele ya nyumba: ni mahali peupe, palipoachwa wazi. Wagiriki walianza na urefu, sisi tumeanza na nafasi. Mimi nasimama na letu.

ILUNGA: Mimi bado napenda saruji yangu, dada. Stade ya timu yetu ya mpira, Mazembe, pale Kamalondo, iliyofunguliwa 2011, ina viti 18,500. Tarehe 8 Novemba 2015, marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, USM Alger wanalala 2-0, kombe la tano linabaki Lubumbashi. Kiti nilikuwa nacho, na sikukikalia hata dakika moja.

MADO: Basi ulikuwa kwenye mteremko wa majani, yaya. Sikiliza yaliyonipata. Nilianzia kwenye kibanda cha vocha, nikahesabu hatua kubwa, nikapita kiwanja cha watoto, kile chenye mawe mawili ya goli kila upande na udongo mwekundu unaoganda kwenye soksi. Nimefika hatua ya mia moja na arobaini hivi, mama anayeuza makala, mkaa wa kupikia, akasimama. "Weye, unapima lupango ya nani?"

ILUNGA: Alidhani kiwanja kimeuzwa.

MADO: Uso wake ulibadilika kabisa. Watoto nao wakaacha mpira, wakaniangalia mikono. Wanajua mtu akija kuhesabu hatua pale, baada ya wiki yanaletwa matofali.

ILUNGA: Wana haki. Kile tulichochezea sisi kilikatwa vipande hivyo hivyo. Leo pana nyumba tisa, na mahali pa goli langu pana choo. Hakuna aliyetuuliza. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu anayeingia Kamalondo akiwa na miaka ishirini lazima awe amejifunza mahali fulani akiwa na saba.

MADO: Na karatasi ya mahali hapo hakuna aliye nayo. Nikamweleza mama habari za Olympia, za yule mpishi. Akacheka, akasema, "Basi wakimbie tuone." Wakajipanga kumi na mmoja, mstari tumeuchora kwa kipande cha makala. Alishinda msichana mmoja miguu mitupu, ndala kazishika mikononi. Amefika kwenye kibanda, wengine wanahema, yeye akageuka: "Na kurudia?"

ILUNGA: Mado! Wagiriki walifanya hivyo hivyo. Mwaka 724 kabla ya Kristo waliongeza mbio za kwenda na kurudi, stadion mbili.

MADO: Yeye hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameshaondoka, na mama anavuta magunia yake ya makala pembeni ili apite.