Kumwandaa mtoto mdogo kwa upasuaji wa moyo: yafanyeni haya nyumbani

Hamjambo wazazi wa Mombasa na Pwani nzima. Hapa mezani nina mwanasesere wa kitambaa, bendeji, kalamu nyekundu, mirija ya kunywea soda na shati la vifungo. Video hii ni ya mzazi ambaye mwanawe, wa miaka mitatu hadi saba hivi, ameshapigwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, tundu la moyo limeonekana, na tarehe ya upasuaji imetolewa.

Anza kwa kumwambia. Nyumbani watu wazima hunong'onezana, mtoto akiingia wananyamaza, naye anajua fika kwamba anayesemwa ni yeye. Sema mwenyewe, kwa maneno machache: "Moyo wako una kitundu. Daktari atakiziba. Utapewa dawa ya usingizi, hutasikia kitu akishona, kisha dawa itaisha na utaamka." Wa miaka mitatu au minne mwambie siku mbili tatu kabla. Wa sita au saba mpe kama wiki moja, maana atakuwa na maswali. Na hata asipouliza, mwambie hajakosa lolote. Watoto wa umri huu huamini wameugua kwa sababu ya utundu wao, na sisi ndio tunaowafunza hivyo kwa ile "ukisumbua nitamwita daktari akudunge sindano". Maneno hayo yakome leo.

Usimwahidi kwamba hataumia. Kifua kitauma, na dawa ya maumivu ipo. Mwambie yote mawili.

Sasa mwanasesere. Tazama mkono wangu: nachora mstari katikati ya kifua, kutoka chini ya shingo hadi mfupa unapoishia. Mshono mara nyingi hukaa hapo. Juu yake nabandika bendeji. Mirija miwili naichomeka chini ya bendeji. Hospitalini mirija ya namna hii hutoa damu na maji yanayobaki kifuani. Mkononi nafunga uzi, huo ndio dripu. Na mrija mmoja mdomoni, wa kupumulia. Huu wa mdomoni wazazi huuruka, lakini nakuomba usiuruke, kwa sababu akizinduka ungali mdomoni hataweza kutoa sauti. Mfunze ishara: kubana kidole chako mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Halafu mwachie yeye awe daktari. Akimdunga mwanasesere sindano asubuhi hadi jioni, mwache amdunge.

Meno yaangaliwe mapema, wiki kadhaa kabla. Bakteria wa jino bovu huweza kuingia kwenye damu na kushika pale moyoni palipotiwa kiraka. Akipata homa, mafua au kikohozi siku za karibu, piga simu wodini. Kama mmepangiwa Nairobi, piga kabla hamjapanda treni Miritini, kwani nusu kaputi na kifua chenye makohozi havipatani, na huenda mkarudishwa. Dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo, zitaje kwa daktari. Uliza pia kuhusu damu, ndugu wajitokeze kuchangia mapema.

Kama kulikuwa na harusi, angalia vidole. Kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kidoleni na hutumia mwanga, hivyo rangi ya kucha au piko huweza kukivuruga. Wanja nao uoshwe. Hirizi au kamba nyeusi kiunoni itavuliwa tu kabla ya thieta, basi ni bora nyanya yake aifungue nyumbani kwa mkono wake kuliko ikatwe na mgeni.

Kufunga kula ndiko kunakoharibu mambo. Tuseme upasuaji ni saa mbili asubuhi. Kwa kawaida chakula na maziwa ya kopo mwisho ni saa nane usiku, maziwa ya mama saa kumi alfajiri, maji matupu saa kumi na mbili. Wodi ikikupa saa nyingine, fuata ya wodi. Maji hayo mpe hadi muda wake uishe, hasa mtoto anayegeuka buluu midomo, kwa sababu damu yake ni nzito na kukaukiwa humdhuru. Mwambie kila mtu aliye karibu naye, na begi ulipekue: biskuti moja ya shangazi mwenye huruma huahirisha upasuaji.

Na haya ya kurudi nyumbani yafanyieni mazoezi sasa. Usimwinue kwa makwapa. Ona: mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni, namleta kifuani kwangu. Mfupa wa kifua huhitaji wiki sita hadi nane kuunga, na muda huo hakuna kupanda mwembe wala kubebwa mgongoni. Shati liwe la vifungo, asilazimike kuinua mikono. Zoezi la kuinua nalirudia polepole. Baba, chukua mwanasesere nawe ujaribu.