Kigari cha gofu kimezima Kigoma? Msinunue betri kabla ya kuangalia chaja

Kigoma, hamjambo? Ujiji, Mwanga, Gungu, Kibirizi, Katonga, Mwandiga, nawasalimu wote. Wazee wangu, shikamooni. Huku Georgia, Marekani, bado ni alasiri, huko kwenu usiku umeshaingia, na najua wengine mnaangalia kwa bando dogo. Naingia kazini.

Hiki nyuma yangu ni kigari cha gofu cha umeme, E-Z-GO ya mwaka 2001, volti 36. Mji ninaofanyia kazi unaitwa Peachtree City, una njia za vigari hivi zinazozidi kilomita 150, na watu wanakwenda navyo dukani, kanisani, hata wanafunzi wa sekondari wanakwenda navyo shule. Vikizeeka vinauzwa bei ya chini au vinatolewa msaada, vingine vinaingia kwenye kontena mpaka Dar, na kuna vilivyofika mwisho wa reli.

Kimoja kiko kwenye kituo cha afya anakofanya kazi shangazi yangu, kando ya ziwa. Wagonjwa wengi pale wanaletwa kwa boti, na kutoka ufukweni hadi wodini ni mlima. Kigari kilikuwa kinapandisha wajawazito na wazee. Sasa kimesimama chini ya mwembe, na wameambiwa betri zote sita zimekufa, zinunuliwe mpya. Fundi wa Gungu, wewe uliyepewa hiyo kazi, najua unanisikiliza. Kaka yangu, nakuomba pesa ya kituo isiguswe kwanza. Ukiweka betri mpya na tatizo likabaki pale pale, hizo nazo zitakufa, na kina mama watarudi kupanda ule mlima kwa miguu.

Tuanzie ukutani. Soketi ya Kigoma inatoa volti 230, na umeme wake una mizunguko 50 kwa sekunde. Soketi ya huku inatoa volti 120, mizunguko 60. Watu wengi wanaangalia volti tu. Wananunua transfoma ya kushusha umeme, wanachomeka chaja iliyokuja na kigari, inaunguruma, mshale unapanda, wanakwenda kulala. Transfoma hiyo imeshusha volti kweli, lakini ile mizunguko 50 imeiacha vilevile.

Angalieni hapa mezani. Hii ni chaja ya zamani, nimeifungua. Usiifungue yako kama huna uzoefu, maana hiki kikopo ni kapasita, na kinaweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuichomoa ukutani. Huu mzigo mzito ni transfoma. Transfoma na kapasita vimepangwa vifanye kazi pamoja kwenye mizunguko 60, na mpangilio huo ndio unaozuia betri zisipate umeme kupita kiasi au pungufu. Ukivipa 50 vinapotezana. Volti inayofika kwenye betri inapungua na chuma kinapata moto. Unaweza kuchaji usiku kucha, asubuhi betri bado zina njaa.

Betri ya risasi na asidi ikikaa na njaa, salfeti inaganda kwenye pleti zake. Wiki za mwanzo bado inaweza kuondoka kwa kuchajiwa vizuri. Ikikaa miezi inakuwa ngumu, na pleti hiyo haipokei tena umeme kama zamani. Ndiyo maana mtu anasema, "Kilikuwa kinafika wodini mara tano, sasa mara moja tu kinazima."

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutafuta ni chaja. Zipo za kisasa, nyepesi, zimeandikwa ubavuni volti 100 hadi 240, hezi 50/60, yaani mizunguko 50 au 60 kwa sekunde. Ukiona maandishi hayo, hiyo inakubali umeme wa kwetu moja kwa moja bila transfoma yoyote. Hakikisha upande wa kutoa ni volti 36 kama kigari ni cha 36, au 48 kama ni cha 48, na iwe ya betri za asidi. Plagi ya kwenye kigari angalia umbo lake vizuri, maana zinatofautiana.

Sasa betri. Kabla ya kugusa, vua pete, saa ya chuma, na cheni. Swichi iliyo chini ya kiti, ile ya kuvutia kigari, iweke upande wa kuvutwa (TOW). Mpini wa spana uzungushie tepu. Spana tupu ikigusa nguzo mbili za betri itatoa cheche na inaweza kuyeyuka hapo hapo, na betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Sigara, jiko la mkaa, kibatari, vyote mbali. Vaa miwani, na uwe na ndoo ya maji safi karibu.

Chaji, halafu acha kigari kitulie saa kadhaa, usiku mzima ni bora. Pima kila betri peke yake. Betri ya volti 6 iliyojaa inasoma karibu 6.37. Ikisoma 6.05 imebaki nusu. Ikiwa 5.8, iko taabani. Zote sita zikijaa, jumla inakaribia 38.2. Mtu anayepima jumla tu akaona 36 anafurahi kwamba "volti zipo", kumbe kigari cha volti 36 kinachosoma 36 kamili kimeshapita nusu kwenda chini.

Kama unaweza kupata haidromita, ile chupa ya kunyonyea yenye kuelea ndani, ni nzuri kuliko mita, kwa sababu inakuonyesha uzito wa asidi ya kila chumba. Betri ya volti 6 ina vyumba vitatu. Iliyojaa inasoma kati ya 1.265 na 1.280. Vyumba viwili vikisoma 1.270 na kimoja 1.150, hicho kimoja ndicho kinachoangusha kigari kizima.

Halafu kuna kipimo ninachokiamini kupita vyote. Mmoja aendeshe kupanda mlima taratibu, mwingine akae na mita asome betri moja baada ya nyingine huku mota inavuta. Tano zikishuka kidogo mpaka 5.8 au 5.9, na moja ikaporomoka mpaka 4, umeshampata mgonjwa wako. Na kwa mlima wa pale kituoni, hamhitaji hata kwenda mbali.

Jambo moja kuhusu chaja za kisasa na hata nyingi za zamani: betri zikishuka sana, chaja haiwaki kabisa, kwa sababu inataka kwanza ione volti kiasi fulani ndipo ianze. Watu wanadhani chaja mbovu. Zitenge betri mbili mbili, ziunge mfululizo zifanye volti 12, halafu uzichaji kwa chaja ya kawaida ya gari, ile ya gereji yoyote. Zikiinuka, rudisha zote mahali pake na chaja kubwa itawaka.

Maji. Hapa nitasema kwa msisitizo, kwa sababu hili linatuhusu sisi wa ziwani. Maji ya bomba ya Kigoma yanatoka Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa letu yana madini mengi. Ni matamu kunywa, tumekulia juu yake, lakini ndani ya betri madini yale yanashambulia pleti. Tumia maji yaliyotoneshwa tu, yasiyo na chumvi wala asidi. Asidi usiongeze, kwa sababu kinachopungua ndani ni maji peke yake. Na unaongeza baada ya kuchaji, si kabla, maana maji yanapanda wakati wa kuchaji na yatamwagika. Ila ukikuta pleti ziko wazi, ongeza kwanza kidogo yafunike, ndipo uchaji, ndipo umalizie. Simamisha maji milimita 3 hivi chini ya ule mdomo wa ndani. Kwa joto la huko, kagua kila mwezi.

Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo ni kutu ya asidi. Koroga magadi ya kupikia maharage kwenye maji, vifuniko vikiwa vimefungwa kabisa, sugua kwa brashi, suuza, kausha, kaza nati, paka grisi. Waya uliovimba chini ya ganda au unaopata moto ukiendesha, badilisha. Betri nzuri yenye waya mbovu inaonekana kama betri mbovu.

Kama betri zote ziko sawa na kigari bado hakiendi, sikiliza ukikanyaga pedali. Kuna "tak"? Hiyo ni solenoidi, swichi kubwa inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota. Weka mita kwenye zile nguzo zake mbili kubwa. Kabla ya kukanyaga itasoma volti zinazokaribia za betri zote. Ukikanyaga ikapiga "tak", isome karibu sifuri. Ikipiga na volti zikabaki pale pale, ndani imeungua, ibadilishe. Ni kifaa kidogo na rahisi kupatikana. Isipopiga kabisa, rudi nyuma: ufunguo, swichi ndogo ya pedali, swichi ya mbele na nyuma. Kaboni za mota na kontrola, kile kifaa kinachopimia mota umeme, viache mwisho kabisa. Nimeona kontrola nzima kabisa zikitupwa kwa sababu ya swichi ndogo ya pedali.

Breki nitazitaja kwa ufupi lakini kwa mkazo: vigari vingi vya zamani vina breki za ngoma magurudumu ya nyuma tu, zinavutwa kwa kebo. Kwa mteremko wa kuelekea ufukweni ukiwa na mjamzito ndani, zifungue, zisafishe vumbi, na kebo iliyoanza kukatika nyuzi isibaki hata siku moja.

Na ikithibitika betri zimekufa kweli? Usichanganye mpya na zilizochoka, mpya itavutwa chini na wenzake. Usiweke betri za kuwashia gari kama N70. Pleti zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, zikichimbwa kila siku hazidumu. Zile za volti 6 zikikosekana, betri tatu za sola za volti 12, zile za kutumika mpaka chini, ziungwe mfululizo, mradi zikae vizuri kwenye tundu na zote ziwe za aina na umri mmoja. Baada ya hapo chaji kila mnapomaliza kazi, hata kama kimetembea kidogo.

Fundi, kesho ukipata nafasi nitumie volti ulizopima kwenye betri zote sita, moja moja, na picha ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa chaja, isomeke volti na hezi. Piga picha na umbo la plagi pia. Nikiziona hizo nitajua chaja ya kuwatafutia huku, na shangazi atajua kama pesa ya betri inahitajika au la.