Zola na Farasi wa Mgodini

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo mtalisikia tena. Akitajwa Émile Zola, yule mwandishi wa riwaya Mfaransa, watu mbio kwenye J'accuse. Barua hiyo tutaifikia. Kwanza twendeni mgodini.

Februari 1884 wachimba makaa ya mawe wa Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, waligoma. Zola alikuwa na jina na fedha tayari. Angeweza kukaa kitini akatunga mgomo wake. Akapanda treni. Akajifanya katibu wa mbunge Alfred Giard, akaingia majumbani mwa wachimbaji, akanukuu mishahara, maradhi, hata mpangilio wa vyumba. Kisha akashuka shimoni, mtu mnene, mwenye miwani, zaidi ya mita 600 chini ya ardhi!

Kule gizani walikuwako farasi wa kuvuta mabehewa ya makaa. Basi mkiifungua riwaya yake Germinal, iliyotoka 1885, mtamkuta Bataille, farasi mweupe aliyekaa chini miaka 10. Yule hakuzaliwa mezani.

Najua kuna atakayeniambia, "Mwalimu, riwaya ni ubunifu." Nani amekataa? Montsou, mji wa riwaya hiyo, haupo kwenye ramani. Lakini mbunifu naye achafue viatu! Vijana wananiletea miswada ya wavuvi. Ukimuuliza mwandishi nyavu hutupwa saa ngapi, anatazama dari.

Utoto wake mtausoma wenyewe: baba Mwitaliano aliyekufa mapema, malezi ya Aix, mji wa kusini mwa Ufaransa, mtihani aliofeli mara mbili, kazi ya kufunga vifurushi vya vitabu kwa Hachette, wachapishaji wa Paris.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, J'accuse: 13 Januari 1898, ukurasa wa mbele wa gazeti la L'Aurore, Zola anawataja majenerali kwa majina kwa kumbambikia kapteni wa jeshi Alfred Dreyfus kosa la uhaini lisilo lake, na kulificha jambo. Akahukumiwa mwaka mmoja jela na faini ya faranga 3,000, akatorokea Uingereza. Mwaka 1902 akafa kwa hewa ya sumu chumbani, bomba la moshi likiwa limeziba. Wapo wanaosema aliuawa, hayo tuyaache.

Maziko siyaachi, mwenyekiti anisamehe. Wachimbaji walitoka kaskazini, wakafuata jeneza katika mitaa ya Paris wakipaza sauti: "Germinal! Germinal!"