Kulanti Inapungua Kwenye IST: Tafuta Panapovuja kwa Presha, Usibahatishe

Karibuni wadau. Leo tuna Toyota IST, injini 1NZ, ile ya 1500. Kila baada ya siku chache chupa ya akiba ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inakutwa imekauka, na chini ya gari hakuna dimbwi. Hali hii inawachanganya wengi. Uvujaji mdogo hutokea injini ikiwa na presha, tone likiangukia kwenye chuma cha moto linakuwa mvuke, kwa hiyo sakafuni hupati kitu. Ukiona maji chini upande wa abiria, yaguse kwanza. Yakiwa meupe, hayatelezi na hayana harufu, hayo ni ya kiyoyozi tu. Kulanti inateleza na ina rangi.

Injini iwe baridi kabisa. Shika paipu ya juu ya rejeta, kile kipoza maji kilicho mbele ya injini: ikiwa na joto lolote, au ni ngumu kwa presha, subiri. Mfuniko huu wa rejeta umeandikwa 1.1, ndiyo presha unayoihimili, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka nyuzi joto 120 hivi. Ukiufungua ukiwa wa moto yanachemka palepale na kukurukia usoni.

Mfuniko umetoka. Kagua raba ya chini na kile kivalvu kidogo cha katikati. Raba ikipasuka, kulanti inakimbilia kwenye chupa ya akiba na hairudi. Huu wetu ni mzima.

Sasa jaza rejeta mpaka mdomoni, funga kipimo cha presha na pampu mpaka psi 15 (psi ni kizio cha presha; hiyo ni karibu sawa na ile 1.1 ya mfuniko). Usizidishe, rejeta kuukuu inaweza kupasuka kwenye maungio ya plastiki na bati. Tuangalie mshale... unashuka. Tena unashuka haraka. Mpiga picha, lete kamera juu hapa. Mnaona unyevu huu? Ni kipimo chenyewe kinavuja mdomoni! Hii inapotosha mafundi wengi, mtu anabadilisha wota pampu, ile inayozungusha kulanti, iliyo nzima. Toa, futa raba, ilowanishe kidogo, kaza tena. Pampu psi 15.

Sasa unashuka taratibu. Washa tochi, pitia sehemu hizi: maungio ya rejeta, paipu ya juu na ya chini, paipu za hita zinazoingia kwenye ukuta kati ya injini na abiria, nyumba ya thamostati (kile kivalvu kinachofunguka kulanti ikipata moto), halafu tundu dogo chini ya wota pampu. Tundu hilo likitoa tone, sili ya ndani imekwisha, dawa ni pampu mpya na gasketi yake. Zulia la mbele likiwa limelowa, tatizo ni hita iliyo ndani ya dashibodi.

Simama hapo. Rudisha tochi kwenye paipu ya juu, inapoingia rejeta. Hiyo chumvi ya waridi pembeni ya klipu ni kulanti iliyokauka. Ngoja... tone hilo linajitokeza. Tumelipata. Minya paipu: mwisho wake umekakamaa na una nyufa. Kukaza klipu hakutasaidia, tunaweka paipu mpya.

Toa presha, fungua kibomba cha plastiki chini ya rejeta, kwa mkono tu, mwaga kama lita 2 kwenye beseni. Usiliache wazi, kulanti ina utamu na ni sumu kwa watoto na mbwa.

Hapa nisikilizeni vizuri. Shingo ya rejeta ni plastiki. USICHOKONOE PAIPU KWA BISIBISI. Plastiki iliyopikwa na joto miaka mingi inakatika kama biskuti, na hapo rejeta nzima imekwenda. Sogeza klipu nyuma, shika paipu kwa koleo, izungushe kidogo kulia na kushoto mpaka iachie. Ikigoma, ichane kwa wembe kwa urefu, kina kidogo, usifike kwenye plastiki. Narudia: bisibisi hapana, hata kama una haraka.

Safisha shingo kwa msasa laini wenye maji, ondoa ukoko wote, upapase kwa kidole. Ukikuta ufa, gundi haitadumu, nunua rejeta. Yetu ni safi. Ingiza paipu mpya mpaka mwisho, klipu ikae nyuma ya ule ukingo, isikae juu yake. Upande wa injini ni vivyo hivyo. Mimi napendelea klipu za springi za Toyota, zinafuata paipu inapotanuka.

Kulanti: nyekundu isiyochanganywa, nusu kwa nusu na maji ya betri yaliyosafishwa. Soma chupa, usije ukachukua asidi ya betri! Ile ya waridi tayari imechanganywa, usiongeze maji. Maji ya kisima ya Dar, mengi yana chumvi, yanakula wota pampu na kuziba rejeta.

Jaza rejeta, rudisha kipimo, psi 15, dakika kumi. Mshale umetulia. Safi sana.

Bado kutoa hewa iliyobaki ndani. Mfuniko ukiwa wazi, washa injini, hita kwenye moto wa mwisho, kiyoyozi kizimwe. Minya paipu ya juu mara kwa mara, mapovu yatoke, ongeza kulanti inaposhuka. Mikono mbali na feni, inawaka yenyewe. Paipu ya chini ikianza kupata joto, thamostati imefunguka. Hita ikitoa upepo wa baridi, hewa bado imo, endelea. Feni ikiwaka na kuzima mara mbili, jazia, funga mfuniko, chupa ya akiba iwe kwenye FULL.

Kesho asubuhi injini ikiwa baridi, angalia chupa. Ikishuka kidogo, ongeza, ni hewa iliyobaki. Ikiendelea kushuka kila siku ingawa mshale wa kipimo cha presha ulitulia, angalia mapovu yasiyoisha mdomoni mwa rejeta na moshi mweupe kwenye ekzozi: hapo ni gasketi ya silinda hedi, ile iliyo kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua.